Lita Tano, Kisha Kumi

Mama yangu ni fundi cherehani, Kondoa mjini. Mwaka niliomaliza kidato cha sita aliamua kunishonea suruali ya kwenda nayo chuo. Akanisimamisha mlangoni penye mwanga, akazungusha futi kwenye paja la kushoto, akaandika. Akazungusha kwenye paja la kulia, akanyamaza. Akarudia. Ilikuwa ile futi ya plastiki ya njano, namba zimeanza kufutika kwa miaka ya kushikwashikwa, lakini hesabu ilisomeka vizuri: kushoto sentimita 52, kulia 48.

"Wewe," akaniambia, "hili paja jingine limekwenda wapi?"

Nilikuwa sijui. Nilichojua ni goti. Miezi minne nyuma, nikicheza GA, yaani mmoja wa washambuliaji, kwenye timu ya netiboli ya shule, niliruka kudaka pasi ndefu nikatua kwa mguu wa kulia peke yake, kiwiliwili kikiwa tayari kimegeukia goli. Jioni ile goti lilivimba likawa kama papai. Mwalimu wa michezo, mtu mwema aliyetupenda kama watoto wake, akaniambia nipumzike mpaka maumivu yaishe kabisa. Nikatii kwa moyo wote. Ngazi nikapanda kwa kutanguliza mguu wa kushoto, maji nikachotewa na wenzangu, usafi nikasamehewa. Maumivu yakatulia kweli. Nilipojaribu kukimbia yakarudi, safari hii pamoja na jambo jipya: goti lilikuwa linaniachia ghafla nikishuka ngazi, hata nikaanza kuziogopa.

Wakati ule hakuna aliyenieleza kinachotokea ndani. Goti likijaa maji, hata kiasi kidogo cha mililita 20 mpaka 30, yaani vijiko vya chai vinne mpaka sita, mwili hupunguza amri za kuukaza msuli wa mbele wa paja. Unajitahidi kuukaza, na wenyewe hauitikii. Ni namna ya mwili kulikinga goti kwa muda. Shida ni kwamba uvimbe ukishapungua msuli ule hauamki wenyewe, huamshwa kwa kazi. Wangu uliachwa ulale miezi minne. Paja likaisha, na goti lililokuwa likiutegemea msuli upokee kishindo cha kila hatua likabaki kukipokea lenyewe.

Leo nina miaka kumi na miwili kwenye kazi ya fiziotherapia, mingi yake hapa Dodoma. Nilisomea Moshi, KCMC. Mama aliponunua futi mpya alinipa ile ya zamani, na hadi leo inakaa kwenye mfuko wa koti langu la kazini. Naizungusha kwenye mapaja ya wachezaji wa mpira, wakimbiaji, wanafunzi wa UDOM, askari, watumishi wa wizara, na karibu kila wiki nakutana na tofauti ileile iliyomnyamazisha mama. Wengi wamepitishwa kwenye moja ya njia mbili. Ya kwanza ni pumzika mpaka upone. Ya pili ni kaza roho, mwanaume gani analilia goti. Kazi yangu yote ipo katikati ya hizo mbili, na ni ya polepole: kukipa kiungo mzigo kwa kipimo, halafu kuongeza kipimo.

Mwaka jana mwezi wa saba, upepo ukirusha vumbi jekundu mpaka juu ya vitanda vyetu, aliingia mama mmoja kutoka Chamwino na kijana wake. "Mbukwa," akanisalimu, nikamwitikia, nikawavutia viti. Kijana akanipa shikamoo huku anaangalia sakafu. Ana miaka 20, ni mshambuliaji, na mtu yeyote aliyewahi kumwona akicheza atakwambia kwamba anaweza kufika mbali.

"Goti linamsumbua tangu mwezi wa tano," mama akasema. "Tumechua, dokta, mpaka mafuta yameisha ndani."

Nikamgeukia kijana. "Nioneshe panapouma, kwa kidole kimoja."

Nalithamini sana swali hilo. Anayezungusha kiganja kizima juu ya pia ya goti ananiambia jambo moja, na anayeweka ncha ya kidole mahali pamoja ananiambia jingine. Yeye aliweka ncha ya kidole chini kidogo ya pia, pale inapoanzia kano inayoshuka kushika mfupa wa mguu. Nilipobonyeza hapo alikaribia kuruka kitandani.

"Na sindano umeshachoma ngapi?"

Akamtazama mama yake, kisha mikono yake. "Nne. Kila mechi kubwa moja."

Mama alikuwa hajui.

Alikuwa akichomwa diklofenaki kwenye duka la dawa saa moja kabla ya mechi, anacheza dakika 90 bila kusikia kitu, halafu anachechemea siku tatu. Dawa ile ina mahali pake, na mimi si adui wa dawa. Lakini inaondoa maumivu na kukiacha palepale kilichoyaleta, tena inamruhusu mtu akizidishe. Kwa mchezaji anayetoka jasho saa tisa mchana kwenye jua la Dodoma, na maji aliyokunywa ni chupa moja, dawa za jamii hiyo huzielemea figo, na tumbo nalo lina malipo yake. Nilimweleza yote hayo mbele ya mama yake, taratibu, bila kumgombeza. Kijana anayechoma sindano ili acheze ana moyo mkubwa kuliko maarifa aliyopewa, na maarifa hayo sisi ndio tulipaswa kumpa.

Kisha tukahesabu pamoja. Dodoma mvua yetu ni ya msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili. Ikiisha, viwanja vya mitaani vinakauka vinakuwa kama sakafu ya saruji, na miezi hiyo ya ukavu ndiyo ya ndondo, mashindano ya mitaani. Alikuwa ametoka kwenye mechi moja kwa wiki akaenda kwenye tatu, na siku zilizobaki anafanya mazoezi ya kuruka ngazi za jukwaa. Kano hupenda mzigo na huimarika kwa mzigo, ila ni mvivu wa kubadilika. Damu inayoifikia ni kidogo ukilinganisha na ya msuli. Msuli unaweza kuonyesha nguvu mpya ndani ya wiki chache, kano inadai miezi. Ukiongeza kazi mara tatu kwa mwezi mmoja, nyuzi zake zinaanza kuvurugika, na kila kuruka kunakuwa ni kudai deni ambalo haiwezi kulilipa.

Nikamwambia, "Mpira hutauacha. Utaupunguza, na utafanya mazoezi nitakayokupa kwa wiki 12."

"Dokta, sisi jimu hatuna."

"Madumu mnayo?"

Akacheka kwa mara ya kwanza. Nyumba gani Dodoma haina dumu? Na dumu ndiyo mizani bora kwa mgonjwa wangu, kwa sababu lita moja ya maji ni kilo moja. La lita 5 ni kilo 5, la 10 ni kilo 10, la 20 ni kilo 20, na ukitaka kilo 7 unaweka maji yafike pale. Siku ya mgao, ambayo bomba halitoi hata tone, madumu ya akiba yamejaa chini ya kitanda yanakusubiri. Sijawahi kuona jimu iliyo karibu na mtu kuliko hiyo.

Wiki mbili za kwanza hakushika dumu. Aliegemeza mgongo ukutani, akashuka kama anayekaa kwenye kiti kisichokuwepo, magoti yamekunjwa kiasi, akabaki hapo sekunde 45. Akapumzika dakika mbili, akarudia, mara tano. Kukaza msuli bila kukisogeza kiungo huwapunguzia wengi maumivu ya kano, wengine hapohapo. Yeye mara ya tatu tu paja lilikuwa linatetemeka kama mtu mwenye homa, na mama yake akawa anahesabu kwa sauti: arobaini na moja, arobaini na mbili.

Wiki ya tatu tukaanza kuchuchumaa, na hapo ndipo dumu la lita 5 likaingia, limekumbatiwa kifuani. Kushuka sekunde tatu, kupanda sekunde tatu. Vijana wanauchukia mwendo huo kwa kuwa haufanani na kitu wanachokifanya uwanjani, lakini upole ndio unaoipa kano muda wa kuvutwa sawasawa. Mara tatu kwa wiki, siku ya kupumzika ikiwa katikati. Kisha lita 10. Kisha mguu mmoja mbele na mwingine nyuma.

Jambo lililomshangaza zaidi ni kanuni ya maumivu. Nilimwambia ayape maumivu namba, sifuri mpaka kumi. Wakati wa zoezi yakifika tatu, endelea. Yakivuka hapo, punguza maji. Na kesho yake asubuhi, kabla hujafanya chochote, shuka mara moja kwa mguu huo. Goti likiwa kama lilivyokuwa jana asubuhi, kipimo cha jana kilikuwa sahihi. Likiwa baya zaidi, umezidisha, toa lita mbili.

"Kwa hiyo kuumwa kidogo siyo kuharibika?"

Hilo swali naulizwa kila siku, na linanigusa kila siku, kwa sababu ndilo ambalo mimi wa kidato cha sita sikujua kuliuliza. Hapana. Kuumwa kidogo kunakotulia usiku siyo kuharibika.

Mama yake naye alikuwa na hofu yake. "Halitasagika?" Neno hilo, kusagika, limewatisha watu wengi wakaacha kutembea. Nikamwuliza kama amewahi kuutazama vizuri mfupa wa paja la kuku, pale mwisho, panapong'aa. Akasema ndiyo. Ile sehemu nyeupe laini inayoteleza ndiyo gegedu, na sisi tunayo hivyohivyo. Haina mishipa ya damu hata mmoja. Chakula chake kimo kwenye ule ute ulio ndani ya kiungo, na unaingia pale kiungo kinapobanwa na kuachiwa, kama dodoki ndani ya beseni: ukilikamua linatema, ukiliachia linanywa. Goti lisilokanyagiwa linashinda njaa. Mama akatikisa kichwa akasema, "Basi kumbe ndiyo maana likikaa linakauka," na sikuwa na cha kuongeza.

Kwa wale wa mbio za asubuhi, ambao wanakuwa wengi kila mwaka hapa mjini, kuna hesabu moja ninayopenda kuwapa. Mwaka 2017 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya tafiti za watu wanaokimbia na wasiokimbia. Waliokimbia kwa kujifurahisha, wenye matatizo ya kulika kwa nyonga na magoti walikuwa asilimia 3.5. Wasiokimbia walikuwa asilimia 10.2. Wakimbiaji wa mashindano, 13.3. Kwa hiyo anayezunguka taratibu Jumamosi na klabu yake hana sababu ya kuogopa kwamba anayasaga magoti. Ila aangalie mteremko. Barabara za kule Chimwaga watu huzisifia kwa vilima, wakipanda wanahema, wakishuka wanajiachia kwa furaha, na ni katika kushuka ndipo pia ya goti inapobanwa zaidi, kwa kuwa msuli wa paja unafanya kazi ya breki. Mgeni wa vilima apande akikimbia na ashuke akitembea, mwezi wa kwanza wote.

Tangu Septemba 2025, Alphonce Simbu alipoipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza ya Mashindano ya Dunia ya Riadha, pale Tokyo, kwa tofauti ya sekunde 0.03 tu, yaani sehemu tatu kati ya mia za sekunde moja, nimekuwa nikipokea vijana wanaotaka marathoni. Simbu ni mtu wa Singida, jirani yetu, na furaha ile ilikuwa ya nyumbani. Nawaheshimu vijana hao na siwavunji moyo. Nawauliza tu wiki iliyopita walikimbia kilomita ngapi, na wiki ya kabla yake. Aliyetoka 15 akaenda 50, nyonga na goti lake najua yatasema nini kabla hajavua viatu.

Lakini mkimbiaji ambaye jina lake linatajwa zaidi chumbani kwangu ni John Stephen Akhwari, na anatajwa na wagonjwa wenyewe. Kila aliyesoma shule ya msingi nchi hii anaijua habari hiyo. Mexico City, Oktoba 1968, marathoni ya Olimpiki. Mtu wa Mbulu, ukishapita Kondoa kwetu na Babati, anaanguka njiani, anaumia goti na bega. Anafungwa bandeji, anaendelea. Anaingia uwanjani giza limeshaanza, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Anamaliza wa 57 na wa mwisho, na alipoulizwa kwa nini hakuacha alisema nchi yake haikumtuma kule kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza.

Naipenda habari hiyo. Nilipoisikia mara ya kwanza nililia. Ila makocha wetu wanaitumia vibaya, na nalisema hili nikiwa na uchungu. Mtoto wa miaka 15 anachechemea mazoezini, anaambiwa "Akhwari alimaliza na goti limefungwa". Mchezaji ana goti lililovimba wiki ya tatu, anaambiwa hivyohivyo. Siku moja ya mashindano ya Olimpiki, ambayo mtu mzima aliichagua mwenyewe akijua anachokifanya, imegeuzwa kuwa mpango wa mazoezi wa msimu mzima.

Na hakuna anayewaambia watoto kilichofuata. Julai 1970, miezi 21 baada ya Mexico, Akhwari alikuwa Edinburgh kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola. Akakimbia marathoni kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5, akawa wa tano. Mexico alitumia saa 3 na dakika 25. Mtu yuleyule, magoti yaleyale. Ningetamani picha ya Edinburgh ndiyo ibandikwe kwenye kuta za shule zetu, pembeni ya ile ya bandeji, ili mtoto aone kwamba goti lililoumia lilitunzwa likarudi kukimbia. Kati ya picha hizo mbili kuna miezi ya kazi ambayo hakuna aliyeipigia makofi, na hiyo ndiyo kazi ninayoifanya mimi na wenzangu.

Kuna kundi jingine ambalo moyo wangu uko nalo, akina mama na akina dada wa netiboli. Dodoma ya sasa, wizara zote zikiwa hapa, msimu wa SHIMIWI, michezo ya watumishi wa wizara na idara za serikali, ukikaribia viwanja vinajaa jioni. Anakuja dada wa miaka 44, amekaa kwenye kiti miezi kumi na moja, halafu anafanya mazoezi kila siku kwa wiki tatu. Netiboli ina sheria inayoutofautisha mchezo huu na mingine: ukishadaka mpira huruhusiwi kutembea nao. Mguu uliotua kwanza, ukiunyanyua, hauruhusiwi kugusa tena chini kabla hujaachia mpira. Mwendo wako wote, kasi yako yote, inabidi ifie kwenye mguu mmoja, hapo hapo. Ndivyo lilivyoondoka goti langu. Na wanawake huchanika ile ligamenti ya katikati ya goti, kamba ngumu inayounganisha mfupa na mfupa, inayozuia mfupa wa mguu usichomoke mbele, mara mbili au zaidi ya wanaume katika michezo ileile. Sababu ni kadhaa, umbo la mifupa limo, lakini ile tunayoweza kuibadilisha ni namna ya kutua: goti limenyooka, halafu linaangukia ndani kuelekea goti la mwenzake, kwa kuwa misuli ya nyonga haijafundishwa kulishika.

Nawafundisha kutua kwa kunisikilizisha. Naziba macho. "Ruka, tua, nisikusikie." Wa kwanza anatua kwa kishindo, na wenzake wanacheka. Wa pili anakunja magoti na nyonga kidogo, unasikia unyayo tu. Wakifika jioni ya nne, wanawake kumi na wawili wanaruka kwa pamoja na uwanja uko kimya hata unasikia bodaboda za barabarani. Halafu tunaangalia magoti: yawe juu ya vidole vya mguu, yasibusiane. Ni dakika kumi na tano, hazihitaji kifaa chochote.

Kwa mpira wa miguu kuna mpango uliokwisha kuandikwa kabisa, unaoitwa FIFA 11+. Ni mazoezi 15 ya dakika kama 20, yanachukua nafasi ya kupasha misuli: kukimbia kidogo, kujiinua kwa viwiko, kusimama mguu mmoja, kuruka na kutua, kushusha kiwiliwili mbele polepole mwenzako akiwa amekushika vifundo. Utafiti mkubwa wa Norway, uliochapishwa 2008, uliwafuata wasichana wachezaji wa miaka 13 mpaka 17. Timu zilizofanya mazoezi hayo zilipata majeruhi pungufu kwa karibu theluthi moja, na majeraha makubwa yakapungua karibu nusu. Hakuna dawa dukani inayotoa hesabu hiyo, na hii ni bure. Bado timu nyingi za mitaa nazozijua zinazunguka uwanja mara mbili, zinajinyoosha zimekaa chini, basi, filimbi inapigwa. Kocha, kama unasoma hapa, naomba hizo dakika 20. Nipo tayari kuja uwanjani kwako.

Kuhusu enka nitasema kidogo tu, maana ndiyo tunayoikosea kwa upendo. Mtoto akiteguka, maji ya moto yanabandikwa jikoni, na mama au bibi anakanda na kuchua kwa nguvu zake zote. Siku mbili tatu za kwanza mishipa midogo ya damu imechanika ndani, na moto na kusugua vinaifungua zaidi. Ifunge bandeji ya kubana kiasi, mguu uinuliwe juu ya mto, akanyagie kadiri anavyoweza. Akishindwa kabisa kupiga hata hatua nne, apelekwe akapigwe picha. Kuchua kusubiri. Na uvimbe ukiisha kazi haijaisha, kwa kuwa enka iliyoteguka mara moja huteguka tena kirahisi mpaka ifundishwe upya kujisawazisha. Simama kwa mguu huo mmoja ukisubiri dumu lijae bombani, kila siku. Ukizoea, funga macho.

Na wazazi wenye watoto wa miaka 10 mpaka 15 wanaocheza sana: ile nundu ngumu inayotokea chini ya goti, inayouma wakipiga magoti au wakiruka, mara nyingi ni kano ikivuta sehemu ya mfupa ambayo bado inakua. Nimeletewa watoto waliochanjwa chale hapo. Hupita mtoto akimaliza kukua. Punguza mechi, imarisha mapaja, usimnyime mpira.

Sitaki mtu asome haya akabaki nyumbani na dumu lake wakati anahitaji daktari. Kiungo kilichovimba, kina moto, na mwili una homa: hospitali leo leo. Goti lililolia "ko" ukigeuka, likavimba ndani ya saa mbili: kachunguzwe ligamenti. Goti linalojifunga halikunjuki. Maumivu ya mfupa yanayomwamsha mtoto usiku bila kuwa amecheza. Maumivu ya viungo yanayorudirudi kwa kijana ambaye kwao kuna seli mundu. Na aliyefanyiwa upasuaji wa ligamenti asirudi uwanjani kabla ya miezi tisa, hata kama anajisikia mzima mwezi wa tano, hata kama timu inashuka daraja.

Yule kijana wa Chamwino alikuwa akija kila baada ya wiki mbili. Wiki ya nane tulimpima kwa kuruka: unasimama kwa mguu mmoja, unaruka mbele kadiri uwezavyo, unatua kwa mguu huohuo na kutulia. Nikaitandaza futi ya mama sakafuni. Mguu wa kushoto ulipita mwisho wa futi, maana futi ya fundi inaishia sentimita 150. Nikaisogeza, nikasoma 158. Mguu wa kulia, 121. Aliniuliza kama anaweza kucheza Jumapili. Nikamwambia hapana, mguu mgonjwa ukifika angalau asilimia 90 ya mzima tutazungumza. Alikasirika. Mama yake akamwambia kitu kwa Kigogo, akanyamaza, akainua madumu yake.

Wiki ya kumi na mbili alikuja peke yake, kwa daladala, amebeba viatu vya mpira kwenye mfuko wa rambo. Alikuwa anachuchumaa na dumu la lita 20 kila mkono. Nilizungusha futi kwenye mapaja: kulia bado pungufu kwa sentimita moja. Nikaitandaza sakafuni. Kushoto, 160. Akabadilisha mguu, akavuta pumzi, akaruka.

Alitua bila sauti. Kisigino kilikuwa kimevuka namba ya mwisho ya futi, na yeye amesimama kwa mguu ule mmoja, mikono imetanuka, goti limekunjwa kidogo, halitikisiki, ananisubiri. Nikapiga magoti, nikabana kwa kidole pale futi ilipoishia, nikaisogeza mbele.